Mama Mkwe Aliyepanga Nyumba Yetu kwa Simu

Mama mkwe wangu hakuwahi kunitazama usoni, lakini alijua kila kiti kilichokuwa nyumbani kwangu, kilisimama wapi, na kwa nini hakikufaa kusimama hapo.

Kwetu Ukambani hilo si ajabu. Kati ya mama na mume wa binti yake kuna heshima tunayoiita nthoni. Hawapeani mikono. Hawaketi chumba kimoja wakaangaliana. Mama hali mezani kwa mkwewe, wala halali chini ya paa lake. Siku hizi wengi wameilegeza, hasa watu wa mjini, na utawakuta mama na mkwewe wamekaa kiti kimoja kanisani. Yeye hakulegeza. Tukikutana njiani alisimama kando, akageuza mwili wote kuelekea shambani na kusubiri nipite. Nami nilipita nikitazama viatu vyangu. Akiwa na neno la kuniambia alimtafuta mtu wa kulibeba. Mtoto akikosekana, alimwambia kuku nikisikia.

Lakini kwa simu alikuwa mtu mwingine kabisa. Alinipigia mchana nikiwa kazini, katika duka la mbegu na dawa za mifugo hapa Machakos mjini, akaongea nami kama ndugu yake wa kuzaliwa. Alicheka, alinikosoa, aliniuliza nimekula nini. Nikifunga duka jioni na kumkuta kwa stendi akisubiri gari la Kathiani, mama yule yule aliyenichekea saa chache zilizopita alinigeuzia mgongo na kuangalia ukuta wa benki.

Mwende, mke wangu, alimuuliza siku moja inakuwaje.

"Simu haina uso," mama yake akamjibu. "Nthoni ni ya uso."

Alizaliwa wapi na ni wa ukoo upi, hayo watayaeleza wanawe. Mimi nilimkuta tayari ni mjane mtu mzima wa Kathiani, mwenye mahindi, maharagwe na miparachichi michache, ambaye alikuwa amelea watoto wanane katika nyumba ya vyumba viwili. Nadhani nyumba ile ndiyo iliyomfundisha. Mwende anakumbuka kwamba utotoni mwake hakuna aliyekuwa na mahali pake pa kudumu. Meza ya chakula ikiondolewa, wavulana walitandika pale. Mtoto akizaliwa, mkubwa alisogea kwa mwenzake, na gunia la mahindi lilisogea pia. Shule zikifungwa nyumba ilipangwa hivi, zikifunguliwa ikapangwa vile. Watoto waliporudi kutoka shuleni, jambo la kwanza lilikuwa kuchungulia waone leo wanalala wapi.

Kwa hiyo akina mama wa kanisa lake walimjua kwa kazi hiyo ya kupanga nyumba. Mmoja wao akijifungua, au mwanawe akileta mke nyumbani, yeye aliitwa. Aliingia, akasimama mlangoni akikagua pembe moja moja mpaka mwenye nyumba akaanza kuona haya, halafu akasema, "Tuanze na kitanda."

Nyumbani kwetu mama mkwe alifika kwa mara ya kwanza alipozaliwa Mutheu, binti yetu wa kwanza. Alikuja na akina mama wenzake kumwona mtoto. Mimi, kama ilivyonipasa, nilikaa nje nyuma ya tangi la maji, nikisikia nyimbo na vigelegele kutoka ndani. Nilikuwa na fahari. Nyumba tulikuwa tumeimaliza mwaka ule, kwenye ploti ndogo kando ya barabara ya kwenda Kathiani: sebule kubwa, vyumba viwili vya kulala, na jiko. Sebuleni kulikuwa na seti nzima ya makochi ya rangi ya maziwa, meza ya kioo, na kabati la televisheni lililofika karibu na dari. Nilijua ameyaona yote.

Kesho yake simu ililia.

"Baba Mutheu, habari ya huko?"

"Nzuri, mwaitu," nikasema, yaani mama yetu kwa Kikamba. "Mlifika salama?"

"Tulifika. Nyumba ni nzuri. Umejengea wageni."

Nikadhani ananisifu. "Asante, mwaitu."

"Wageni wanakuja Krismasi," akasema. "Mtoto yuko kila siku. Sasa huyo mtoto atatambaa wapi? Juu ya kochi?"

Nikamwambia mtoto bado ni mchanga sana, hata shingo haijakaza.

"Itakaza," akasema, na kunitakia kazi njema.

Sikufanya lolote. Makochi yale nilikuwa nimeyasubiri tangu nikiwa kijana wa kupanga chumba kimoja, nikikalia kitanda na wageni wakikalia kiti cha plastiki. Lakini Mutheu alianza kutambaa, na ilionekana wazi kwamba hana njia. Alizunguka kati ya miguu ya makochi kama kondoo aliyepotea sokoni. Siku alipojigonga paji la uso kwenye pembe ya meza ya kioo, Mwende aliibeba meza ile peke yake na kuitupa varandani, kisha akampigia mama yake.

Nilichojua baadaye ni kwamba mama mkwe huja nikiwa kazini. Sikuambiwa. Nilijua kwa kugonga mguu. Nilirudi jioni, nikaingia kama mtu aingiavyo kwake, na mahali palipokuwa wazi tangu tuhamie nikakutana na ubavu wa kochi. Au nilikwenda kukaa na kiti hakikuwapo. Makochi mawili yalihamia varandani, moja likaenda kwa dada yangu Masii, na sebule ikabaki na uwanja katikati wenye mkeka. Mwezi wa kwanza nilinuna. Mwezi wa pili nikajikuta jioni nimelala chali kwenye mkeka ule, Mutheu ananipanda kifuani, na nikashindwa kukumbuka tulikuwa tukikaa wapi zamani.

Kabati la televisheni ndilo lililotushinda. Fundi alikuwa amelijengea humo humo sebuleni, ubao juu ya ubao, na siku tulipotaka kulitoa tukagundua ni pana kuliko mlango. Mwende alimweka mama yake kwenye spika ya simu, akaiweka simu juu ya dirisha. Mimi na fundi tulisimama na misumeno.

"Mmepima mlango?" sauti ikauliza kutoka Kathiani.

"Tumepima, mwaitu. Halitoki."

"Kwani liliingia vipi?"

Fundi akatazama chini. "Halikuingia, mama. Nililitengenezea hapa."

Halafu tukasikia kicheko. Alicheka mpaka akakohoa, na Mwende akaanza kucheka, na mwishowe fundi naye.

"Sikieni," akasema alipopata pumzi. "Kitu kikikaa kwa nyumba yenye watoto, lazima kiweze kutoka kwa mlango. Likateni."

Tulilikata vipande vitatu. Kimoja kikawa rafu ya nguo za mtoto, kifupi, ili mwenyewe aweze kuifikia. Kingine kikaenda jikoni. Cha tatu kilikuwa benchi, halafu kikawa mahali pa kuku wa kuatamia, na sijui mwisho wake.

Sitaki mtu adhani alikuwa hakosei. Alikosea, tena kwa sauti kubwa. Aliwahi kutushauri tugawe sebule kwa pazia zito, ili kuwe na pembe ya mtoto kulala mchana. Tulinunua pazia, tukapigilia chuma ukutani. Mutheu alilishika kwa mikono miwili, akajining'iniza, na pazia, chuma na kipande cha plasta vikamfuata chini. Tulipomwambia kwa simu akasema pazia lenyewe lilikuwa baya.

Kitanda cha ghorofa, kile tunachokiita dabo deka, alikipinga kwa miaka. "Mtoto si njiwa," alisema. Nilikinunua bila kumwambia, watoto wetu walipokuwa wengi, na kikawa kitu bora tulichowahi kuingiza nyumbani. Baada ya muda Mwende alikwenda harusi Kathiani akamsikia mama yake akimwambia bibi harusi, "Nunueni dabo deka mapema. Mimi huwaambia watu kila siku."

Alikuwa na tabia ya kupima watoto kwa vyombo. Mjukuu hakuwa na umri. Alikuwa kimo cha sufuria, au kimo cha meza, au kimo cha kitasa. "Huyo sasa amefika kwa kitasa," alisema kwa simu, "toeni ile ndoano ya mlangoni." Hakupenda msumari upigiliwe ukutani kabla ya mvua moja kupita, kwa sababu, alisema, hujui nyumba yako mpaka uone ikivuja wapi na mnajikusanya pembe gani. Na hakuvumilia mtu aseme chumba fulani ni cha fulani. "Ni chake mwaka huu," alisahihisha.

Wakati mgumu ulikuja na mimba ya pili. Mutheu alikuwa na miaka minne. Mwende alibeba pacha, na mambo yakaenda vibaya kabla ya siku zake. Alifanyiwa upasuaji wa haraka. Watoto, wavulana wawili, walitoka wadogo kama maparachichi, wakakaa hospitalini kwa majuma. Waliporuhusiwa sote tulirudi nyumbani tukiwa wazima kwa jina tu. Kidonda cha Mwende hakikupona vizuri. Homa ilimjia ikamwacha, ikamjia tena. Lililonitisha zaidi ni kwamba alikuwa kimya. Alilala akiangalia ukuta, na mtoto akilia aligeuka polepole, kama mtu anayesikia kelele za nyumba ya jirani.

Mama yangu alikuwa amefariki. Dada yangu alikuwa na mgonjwa wake. Msichana tuliyemwajiri alikaa siku chache akaona kazi ni kubwa kuliko yeye, akaaga. Akabaki mtu mmoja.

Mama mkwe alikuja. Alifika alfajiri kutoka Kathiani, akaosha watoto, akapika uji, akamlisha Mwende kwa kijiko. Nilipokaribia kurudi jioni, alitoka kwa mlango wa nyuma nami nikaingia kwa wa mbele. Kulala kwetu hakukubali. Ilikuwa msimu wa mvua ndefu. Alitembea kwenye matope kutoka kwake mpaka barabarani asubuhi, akarudi kwenye matope hayo jioni, na saa ambazo watoto walilia zaidi na Mwende alichemka zaidi zilikuwa zile ambazo yeye hakuwapo.

Nilimpigia simu. "Mwaitu, nisikilize. Mimi nitalala dukani, kwa stoo. Wewe lala hapa na binti yako."

"Hapana."

"Ni kwa muda tu."

"Mwanamume hatolewi kwake kwa sababu yangu," akasema. "Watoto wako wakiugua usiku nani atawabeba mpaka hospitali? Mimi?"

"Basi ulale, nami nilale. Mungu anaona hali yetu."

"Baba Mutheu, mimi nikiivunja sasa, nitamwambia nini mama mwingine kesho? Na wewe utaniangalia vipi?"

Nilikasirika. Nakumbuka nilikata simu na kupiga kaunta ngumi. Niliona ni ukaidi wa mama mzee wakati mtoto wake anaisha. Hata mchungaji wetu alimwendea, akamwambia hayo ni mambo ya kale.

"Mchungaji," akamuuliza, "mama mkwe wako akija kwako, hulala wapi?"

Mchungaji akasema jambo hilo liombewe.

Siku ya tatu mama mkwe alinipigia. Hakusalimu. "Chumba cha Mutheu kimeshika ukuta wa nje?"

"Ndiyo. Upande wa tangi."

"Na ukuta wa ndani?"

"Kimepakana na jiko."

"Mlango wake wa ndani unaweza kuzibwa?"

Nilianza kuelewa. Nikakaa kwenye gunia la mbegu.

"Utoboe mlango upande wa nje," akasema. "Wa ndani uuzibe kwa matofali, usiuzibe kwa kabati, kabati linasogezwa. Nipatie jiko langu dogo la makaa huko nje. Na huo ukuta wa jikoni, acha shimo. Kadiri mtoto apite."

"Apite nani, mwaitu?"

"Mtoto. Unipitishie mtoto."

Hakutaka kuamua peke yake. Alikwenda kwa kaka wa marehemu mumewe, mzee mkali ambaye hata Mwende alimwogopa, na akaomba mimi nisikilize kwa simu. Mwende aliniambia baadaye kwamba mama yake hakulala kwa hofu ya jibu. Mzee aliuliza maswali machache.

"Mlango wake uko wapi?"

"Nje," nikasema.

"Ukitoka kwa nyumba yako kwenda kwake, unapita wapi?"

"Natoka nje, nazunguka tangi."

"Chakula chake anapika wapi?"

"Kwa jiko lake, mlangoni pake."

Nikasikia mzee akikohoa, akivuta kiti. "Hizo ni nyumba mbili zilizoshikana," akasema. "Kama za huko Nairobi. Mama aende kwa binti yake."

Fundi alikuja na nyundo kesho yake. Vumbi lilijaa mpaka kwenye sukari. Mutheu alihamishiwa sebuleni, kwenye kochi la mwisho lililobaki, na alifurahi kama aliyepelekwa safari. Tulipomaliza kulikuwa na mlango wa mbao upande wa tangi, ngazi moja ya saruji, na kule jikoni, kwa kimo cha kifua changu, kidirisha cha mraba chenye ubao wa kufungia. Mama mkwe alikuja na godoro, sufuria mbili na Biblia. Akafunga mlango wake, akafungua ubao wa kidirisha upande wake, na kutoka hapo nikaona mikono yake kwa mara ya kwanza karibu hivyo: mikubwa, yenye kucha zilizokatwa mpaka mwisho, iliyonyooshwa kupokea.

Hivyo ndivyo tulivyoishi. Mchana aliingia nyumbani mwetu na kukaa na Mwende. Nikirudi alihamia upande wake, na kutoka wakati huo kila kitu kilipita kidirishani: watoto, uji, nepi, dawa, taa. Mwende alipoanza kuketi alikaa jikoni kwenye kiti karibu na kidirisha, na mama yake upande wa pili akamsimulia habari za Kathiani mpaka nikamsikia mke wangu akijibu. Kwanza neno moja. Halafu sentensi. Siku aliyobishana na mama yake kuhusu nani hasa aliiba mbuzi wa jirani miaka ile, nilitoka nje nikasimama kwenye tangi la maji, nikalia.

Kabla ya hapo kulikuwa na Jumamosi moja ambayo nataka kuieleza. Mwende alikuwa amerudishwa hospitalini kwa ajili ya kidonda. Mvua ilinyesha mchana kutwa. Pacha wote wawili walilia, nami nilikuwa jikoni nimembeba mmoja begani na mwingine mkononi, maziwa yamefurika jikoni, na Mutheu ananivuta suruali akisema ana njaa. Nilisimama tu. Niliogopa kuwaangusha.

Ubao ukafunguka. Ile mikono ikatokea. Hata katika saa ile hakuniita mimi. Alimwambia mtoto niliyembeba begani, ambaye alikuwa bado hajajua hata kucheka.

"Wewe mdogo," akamwambia, "mwambie baba yako akupitishe. Ndugu yako pia. Na umwambie Mutheu aje azunguke, uji uko. Halafu umwambie baba yako akalale, amefanya vizuri."

Niliwapitisha mmoja mmoja. Ubao ukafungwa. Nilisikia akiwaimbia upande wa pili, sauti yake ya kanisani, na watoto wakanyamaza. Nililala pale pale jikoni, kichwa kimeegemea ukuta ule, na nilipoamka mvua ilikuwa imekoma na hasira yangu kuhusu nthoni sikuiona tena. Nilikuwa nimedhani heshima hiyo inamweka mbali nami. Kumbe ndiyo iliyomwezesha kukaa karibu bila mmoja wetu kumwonea mwenzake haya: mimi nikiwa na suruali iliyotapikiwa, yeye akiwa bila kilemba, tukilea watoto bega kwa bega na tofali katikati.

Alikaa mpaka pacha walipofika kimo cha sufuria kubwa. Siku moja nilirudi nikakuta kidirisha kimefungwa na godoro limekwenda. Akanipigia simu akiwa Kathiani tayari. "Mahindi yananisubiri," akasema. "Hicho chumba msikiache kikae bure."

Hakikukaa. Tulifungua tena mlango wa ndani, na kikawa cha pacha na dabo deka yao. Mutheu alipokuwa msichana mkubwa wa kutaka kusoma bila kelele, pacha walihamishiwa sebuleni na yeye akapewa chumba chenye mlango wa nje, na hapo mimi ndiye niliyetaka mlango huo uzibwe. Mama mkwe alinicheka sana kwa simu. Tuliuwekea kufuli, ufunguo akakaa nao Mwende. Kupitia kidirisha Mutheu aliitisha chai akisoma kwa mtihani. Nimejenga chumba kingine kwa nyuma tangu wakati huo, na sebule yetu imepungua mara mbili. Wageni wa Krismasi hukaa nje chini ya turubai, na hakuna aliyelalamika.

Nyumba yake mwenyewe sijaisema. Ile ya vyumba viwili ilishaanguka. Wanawe waliungana wakamjengea nyingine ya mawe, ya kupendeza, yenye msingi mrefu na ngazi nyingi mbele, sebule ya vigae vinavyoteleza na choo mbali uani. Aliipenda kwa sababu ni yao. Hakuigusa. Yeye aliyehamisha vitanda vya Kathiani nzima aliishi humo kama mgeni, viti vilivyofunikwa vitambaa vimepangwa ukutani, kila kimoja pale mwanawe alipokiweka.

Mwaka jana alianguka kwenye ngazi zile, akavunjika nyonga. Alipotoka hospitalini alipewa fremu ya chuma ya kutembelea. Wanawe wako mbali, Mombasa na kwingineko. Walisema kwa simu, kwa nia njema, kwamba mama achukuliwe akae Nairobi kwa mmoja wao, ghorofa ya nne. Alikubali kwa sauti ambayo Mwende hakuipenda. Aliacha hata kuuliza wajukuu wamefika kimo gani.

Mutheu ndiye aliyebadilisha mambo. Anasomea ualimu, na alipangiwa mazoezi ya kufundisha katika shule iliyo karibu na kwa bibi yake. "Nitakaa na Susu," alitangaza mezani. "Kwa hiyo haendi Nairobi. Baba, ile nyumba itengenezwe."

Hivyo mwezi wa nane nilikwenda Kathiani na Mwende, Mutheu, fundi na pacha, ambao sasa wananipita kwa urefu. Kulikuwa na shida moja. Mkwe hapiti sebule ya mama mkwe wake, na kazi ilikuwa chumbani. Nilimpigia simu nikiwa langoni, yeye akiwa uani amekaa juani, tukiwa tumetenganishwa na ua wa miti.

"Mwaitu, niingie?"

"Mimi niko nje," akasema. "Nyumba isiyo na mtu ni mawe tu. Ingia ufanye kazi."

Tulifanya kazi siku mbili. Ngazi za mbele tuliziacha kama zilivyo, wanawe wasione vibaya, na upande wa shamba tukatoboa mlango mpana na kumwaga mteremko wa saruji, tukiuchora mistari kwa kijiti usiteleze. Kona ya chumba chake tukaigawa iwe choo. Vigae tukavifunika kwa mikeka iliyogundishwa. Vyuma vya kushikia tulivipiga ukutani kwa kimo cha mkono wake, tulichokipata kwa Mutheu kumpima akiwa amesimama. Muda wote alikuwa uani, mgongo kwetu, na kila tuliposogeza kitu kwa kelele alipaza sauti kuuliza ni nini. Siku ya kwanza aliuliza kwa upole. Siku ya pili alikuwa anatukaripia. Mwende, aliyekuwa akimenya viazi karibu naye, alinionyesha kwa jicho: amerudi.

Saruji ilipokauka, Mutheu alimwingiza kwa kumsaidia, akamwacha kitandani kama alivyotaka. Mimi nilitoka nikasimama kando ya mlango mpya, nikisikiliza. Nilisikia miguu ya fremu ikigonga sakafu, ikatulia, ikagonga tena. Ilipita chumbani. Ikapita mahali pa meza. Hakuna aliyemshika. Nilijisahau kwa kusikiliza, na ghafla alikuwa juu ya mteremko, juani, mbele yangu kabisa, mikono yote miwili imeshika chuma. Hangeweza kugeuka haraka.

Nikageuka mimi. Nikayatazama mahindi.

Nyuma yangu fremu ilishuka polepole mpaka ikafika chini kwenye udongo. Alikaa kidogo akivuta pumzi. Halafu akasema, bila kumtaja mtu, kwa ile sauti aliyozoea kuniletea kwa simu miaka yote:

"Hapa pamekaa vizuri. Sasa kitanda cha huyu mwalimu tunakiweka wapi?"